Mkono Uliojeruhiwa, Wimbo Uliobaki

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Zab. 137:1–6, 1 Sam. 16:14–23, 18:6–11, Law. 21:17–23, Mal. 1:6–14, Mk. 3:1–6, Kut. 17:8–13, Ufu. 15:2–4.

Fungu la Kukariri: 2 Wakorintho 8:12. Lisome katika Biblia yako, kisha ulieleze kwa maneno yako mwenyewe.

Tumfikirie mpigaji kinanda wa kanisa dogo katika milima ya Mbinga. Kwa miaka mingi, kabla mwimbishaji hajamaliza kutaja namba ya wimbo katika Nyimbo za Kristo, vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuupata. Wakati wa makambi alikaa mbele, na wageni waliuliza jina lake. Siku moja, kwenye mashine ya kusaga mahindi, mkanda ulimvuta mkono wa kulia. Mifupa iliunga na kidonda kilifunga, lakini vidole viwili havikukunjika tena. Kanisani alirudi, ila kwenye kinanda hakurudi. Sasa hukaa benchi la mwisho karibu na mlango, na kinanda kinapoanza kulia chini ya vidole vya mtu mwingine, yeye hutoka nje kama mtu aliyeitwa.

Wengi wetu tunamfahamu mtu wa namna hiyo, ingawa huenda kazi yake ni nyingine. Yuko mvuvi wa Liuli asiyeweza tena kuvuta wavu, na fundi cherehani ambaye mkono umekufa ganzi. Kila mmoja alikuwa na kitu alichokifanya vizuri mbele za Mungu na watu, na sasa hawezi.

Juma hili tutajiuliza maswali matatu. Je, furaha ya kumwimbia Mungu ilikuwa ndani ya vidole? Kama haikuwamo, kwa nini iliondoka pamoja navyo? Na ikirudi, je, itakuwa ileile?

JUMAPILI
Vinubi Vilivyotundikwa

Soma Zaburi 137:1–6. Waimbaji hawa walifanya nini na vinubi vyao, na kwa sababu gani?

Mateka wa Yuda walipoketi kando ya mito ya Babeli, sauti walikuwa nazo na vinubi walikuwa navyo. Walichokosa ni moyo wa kuimba. Waliowateka waliwataka wachangamke, nao wakakataa. Biblia haiwakemei kwa kukataa huko. Machozi yao yamewekwa ndani ya kitabu kilekile cha sifa, ili waumini wa vizazi vyote wayasome.

Jambo hili litufundishe namna ya kumwendea aliyejeruhiwa. Mara nyingi tunafika na maneno ya haraka. Mmoja humwambia, “Ndugu, mshukuru Mungu umebaki hai.” Mwingine humwambia kwamba Bwana aliuvunja mkono ule ili amnyenyekeze. Ni nani aliyempa habari hizo? Katika mfano wa magugu, mwenye shamba alisema wazi kwamba lipo jambo lililotendwa na adui (Mt. 13:28). Tunaishi katikati ya pambano kuu, na si kila mkanda wa mashine unaovuta mkono wa mtu umetumwa kutoka mbinguni. Mungu aweza kutoa jema katika msiba bila kuwa yeye aliyeuleta.

Tena, tazama fungu la 5. Mwenye zaburi anapotaka kujiwekea kiapo kizito, anautaja mkono wake wa kuume na uwezo wake wa kusahau. Alikuwa akizungumza na wapigaji vinubi, nao walielewa uzito wa neno hilo. Maandiko hayadharau msiba wa mkono uliosahau kazi yake.

Lakini kuna jambo dogo ambalo ni rahisi kulipita. Vinubi vile vilitundikwa mtini. Havikuvunjwa wala kuchomwa moto. Nyumbani kwa ndugu yetu wa Mbinga kipo kinanda kidogo juu ya kabati, kimefunikwa kitenge. Hakukiuza, ingawa alipata wanunuzi. Pengine hata yeye mwenyewe hajui kwa nini.

Je, umewahi kumlazimisha mtu aimbe kabla hajamaliza kulia? Ungeweza kumfanyia nini badala yake?

JUMATATU
Kamba ya Nyuzi Tatu

Soma 1 Samweli 16:14–23 na 18:6–11. Mkono wa Daudi ulikuwa na nini, na mkono wa Sauli ulikuwa na nini? Ni nini kilichobadilika kati ya sura hizi mbili?

Katika sura ya 16, Daudi anapiga kinubi na Sauli anapata nafuu. Katika sura ya 18, mkono uleule unapiga katika nyumba ileile, lakini safari hii mfalme ana mkuki mkononi. Kati ya sura hizi Sauli alisikia wimbo wa wanawake uliompa Daudi hesabu kubwa kuliko yake. Tangu siku hiyo hakuweza tena kusikia muziki bila kusikia ndani yake nani anasifiwa zaidi.

Furaha ya mpigaji ni kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi tatu. Uzi wa kwanza ni furaha ya ustadi, yaani raha ya kufanya kitu kigumu kikawa chepesi. Furaha hii ni njema, kwa maana Mungu mwenyewe alimjaza Bezaleli hekima ya kazi za mikono (Kut. 31:1–5). Uzi wa pili ni furaha ya kusifiwa na kuhitajiwa. Huu si dhambi kila wakati, ila unapaswa kulindwa. Uzi wa tatu ni furaha ya wimbo wenyewe na ya Yule anayeimbiwa. Mtu akiwa mzima hana sababu ya kuzitenganisha. Ajali ikiikata kamba, analia, naye hajui analilia uzi upi.

Mwezi Agosti 1914 Vita Kuu ya Kwanza ilifika hata pwani ya Ziwa Nyasa. Tarehe 13 ya mwezi huo meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, hapo Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Mwezi uleule, mbali sana na ziwa letu, vita ileile ilimkuta mpiga piano kijana wa Vienna aliyeitwa Paul Wittgenstein. Alipigwa risasi katika mkono wa kulia, mkono ukakatwa, naye akachukuliwa mateka mpaka Siberia. Huko alichora vibonye vya piano juu ya kasha tupu la mbao, akafanya mazoezi kwa mkono wa kushoto bila sauti yoyote kutoka. Aliporudi kwao aliwaomba watunzi wakubwa wamtungie muziki wa mkono mmoja. Maarufu zaidi ni ule wa Maurice Ravel, aliouonyesha kwa mara ya kwanza Vienna mwezi Januari 1932.

Ushujaa wake unastahili heshima. Hata hivyo habari haikuishia hapo. Wittgenstein aliubadilisha muziki wa Ravel kama alivyopenda, na Ravel akakasirika sana. Sergei Prokofiev naye alimtungia kazi nyingine mwaka 1931, na Wittgenstein hakuipiga kamwe. Mkono wa kushoto ulifanya maajabu, lakini ustadi uliorudi haukuleta amani pamoja nao. Uzi wa kwanza waweza kuungwa kwa bidii ya mtu. Uzi wa tatu hauungwi kwa njia hiyo.

Kama ungeondolewa kazi unayoifanya kanisani leo, ni uzi upi ungekuuma zaidi?

JUMANNE
Sadaka Yenye Kilema

Soma Mambo ya Walawi 21:17–23 na Malaki 1:6–14. Linganisha na Zaburi 33:3. Mafungu haya yanaweza kumwogopesha vipi mtu mwenye mkono uliovunjika?

Ndugu yetu si mvivu, na hofu yake haikutokana na kiburi peke yake. Anaijua Biblia. Amesoma kwamba kuhani mwenye mkono uliovunjika hakuruhusiwa kusogea madhabahuni. Amesoma kwamba Bwana aliwakemea waliomletea mnyama kilema. Amesoma kwamba tumpigie Mungu kwa ustadi. Anasema moyoni, “Nikikosea sauti katikati ya wimbo, nitawavuruga waabuduo. Afadhali kimya changu kuliko sadaka yenye kilema.” Hili ni swali la kweli, na halijibiwi kwa kumpigapiga mtu begani.

Tulitazame jambo lenyewe. Kwanza, sheria ya makuhani ilikuwa kivuli cha Kristo, Kuhani asiye na waa. Ilimhusu yule aliyesimama mahali pa Kristo, na Kristo amekwisha kuja. Lakini hata chini ya sheria ile, fungu la 22 linasema kuhani mwenye kilema alikula chakula cha Mungu wake, kitakatifu na kitakatifu sana. Hakufukuzwa mezani.

Pili, kosa la watu wa siku za Malaki lilikuwa nini? Fungu la 14 linalitaja. Mtu alikuwa na mnyama mzima kundini, akamwekea nadhiri, kisha akamtoa mwenye kilema. Dhambi ilikuwa katika kubakiza kilicho bora. Mtu mwenye vidole kumi vizima anayepiga bila kufanya mazoezi yuko karibu zaidi na Malaki 1 kuliko mtu mwenye vidole vinane aliyejitayarisha juma zima.

Tatu, Paulo anaweka kipimo chenyewe katika fungu letu la kukariri. Alikuwa akizungumzia mchango wa fedha kwa ajili ya watakatifu, lakini kanuni yake inafika mbali. Mungu hupokea kwa kadiri ya alicho nacho mtu, na hamdai asichokuwa nacho. Mjane wa senti mbili alitoa kidogo kuliko wote, na Bwana akasema alitoa zaidi ya wote (Mk. 12:41–44).

Kwa hiyo Zaburi 33:3 ingali inamdai ndugu yetu ustadi. Inamdai ustadi wa mkono alio nao sasa. Ule wa zamani haudaiwi tena.

Ni jambo gani unalokataa kumtolea Mungu kwa sababu si zuri kama zamani?

JUMATANO
Nyosha Mkono Wako

Soma Marko 3:1–6 na Luka 6:6. Mtu huyu alikuwa wapi kabla hajaponywa, na Yesu alimwagiza afanye nini?

Luka, ambaye alikuwa tabibu, anataja kwamba mkono uliopooza ulikuwa wa kuume. Ilikuwa siku ya Sabato, na mtu yule alikuwa amekwisha kuingia katika sinagogi na mkono wake vile ulivyokuwa. Hakungoja kupona ndipo aje kuabudu. Yesu akamwagiza afanye jambo lile hasa ambalo mkono wake haukuliweza, akanyosha.

Si kila mkono unaponywa hivyo. Paulo aliomba mara tatu na mwiba ukabaki (2 Kor. 12:7–9). Lakini agizo la kunyosha mkono linabaki kwa wote wawili, kwa anayeponywa mara moja na kwa yule anayepona polepole. Waganga wanatufundisha kwamba mkono uliofungwa muda mrefu hukakamaa, na mazoezi ya viungo, kwa maelekezo ya mtaalamu, ni sehemu ya tiba. Neva iliyokatika ikashonwa hukua tena kwa kadiri ya milimita 1 hivi kwa siku. Kutoka kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole ni kazi ya nusu mwaka, na nyingine hazirudi kabisa. Mungu aliyeuumba mwili hivyo haoni haya kufanya kazi kwa milimita.

Wengine wamejifunza kunyosha walichobakiwa nacho. Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910, aliungua mkono wa kushoto mwaka 1928, moto ulipowaka katika gari la kukokotwa alimoishi. Vidole viwili viliharibika. Muziki wake haukuwa wa ibada, lakini somo lake ni la wote. Hakuendelea kudai mkono wa zamani. Alitafuta njia mpya juu ya nyuzi, akitegemea zaidi vidole viwili vilivyokuwa vizima, na njia hiyo ikawa yake.

Turudi kwa ndugu yetu. Ijumaa moja jua linapozama, familia inafungua Sabato. Binti yake mdogo anaanzisha wimbo, ila ameuanza juu mno, na kufika ubeti wa pili mama hawezi tena kuifikia sauti. Wanacheka, wanaanza upya, na safari hii ni chini mno. Baba anasimama, anaondoa kitenge, anashusha kinanda kutoka kabatini, na kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto anampa mtoto sauti ya kuanzia. Wanapoanza, mkono ule wa kushoto unabaki palepale, unashuka kwenye besi na kuwafuata. Ni ubeti wa tatu ndipo anapotambua kwamba anapiga.

Hakuwa akitafuta furaha yake usiku ule. Alikuwa akimtafutia mtoto sauti. Besi peke yake, noti chache na nzito, bila mapambo yoyote. Lakini kwa mara ya kwanza alisikia maneno ya wimbo alioupiga miaka yote. Zamani vidole vyake vilikuwa na kazi nyingi mno.

Ni hatua gani ndogo unayoweza kuinyosha leo, hata ikiwa ni milimita moja?

ALHAMISI
Haruni na Huri

Soma Kutoka 17:8–13. Mikono ya Musa ilipokuwa mizito, ndugu zake walifanya nini? Hawakufanya nini?

Haruni na Huri hawakumwambia Musa aketi pembeni ili mwenye mikono yenye nguvu ashike nafasi yake. Pia hawakumwacha peke yake wakimpa pole kwa mbali. Walitafuta jiwe la kukalia, kisha mmoja akasimama upande huu na mwingine upande huu. Mikono ilibaki ya Musa, na uzito ukawa wa wote watatu.

Hapa swali letu linageuka na kulielekea kanisa. Tumezoea kuuliza kama aliyejeruhiwa ana imani ya kutosha. Tujiulize kama sisi tuna nafasi ya kutosha. Katika kanisa la ndugu yetu yupo msichana aliyejifunza kinanda baada ya ajali. Ana mkono wa kulia mwepesi, lakini mkono wake wa kushoto bado unapotea. Siku moja mzee wa kanisa anawaomba wote wawili wakae kwenye benchi moja. Msichana anashika sauti ya kwanza na ya pili, na mwalimu wake mpya anashika besi. Mara ya kwanza wanagongana. Msichana ananong'ona, “Shikamoo mwalimu, samahani,” naye anamjibu kwa kutabasamu, “Marahaba mwanangu, hesabu tu.” Kufikia ubeti wa mwisho kanisa lote limesimama, na hakuna anayeuliza ni nani aliyepiga vizuri.

Je, furaha hii ni ileile? Hapana. Usiku mwingine bado anaota mkono wake wa zamani, na asubuhi huutazama kwa uchungu. Hatuna sababu ya kumwambia kwamba amepata zaidi ya alichopoteza, kwa maana hesabu hiyo ni yake na Mungu wake. Lakini uzi wa tatu umerudi, na sasa anaujua kwa jina. Zamani furaha yake ilimtegemea yeye kuwa mzima. Hii ya sasa imekwisha kuuona mkono ukiwa katika hali mbaya kuliko zote, nayo haikukimbia.

Jicho haliwezi kuuambia mkono kwamba halina haja nao (1 Kor. 12:21). Paulo hakusema mkono wenye vidole vitano vizima.

Nani katika kanisa lako anakaa karibu na mlango? Unaweza kumwandalia jiwe gani la kukalia?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Ellen G. White alipokuwa na umri wa miaka 9 alipigwa jiwe usoni na msichana mwenzake huko Portland, katika jimbo la Maine, Marekani. Baada ya hapo mkono wake ulitetemeka hata akashindwa kuendelea na maandishi shuleni. Miaka mingi baadaye alisimulia kwamba alipotakiwa kuyaandika aliyoonyeshwa, mkono ule ulitulia. Udhaifu mwingine wa mwili aliendelea nao, na bado aliandika maelfu ya kurasa. Katika mtu mmoja tunaona njia zote mbili za Mungu: yapo anayoyaponya, na yapo anayotusaidia kuyabeba.

Soma Ufunuo 15:2–4. Anayesimama Mbamba Bay jioni tulivu huliona Ziwa Nyasa likiwa kama kioo, na jua linapozama ng'ambo ya maji, kioo hicho huonekana kimechanganyika na moto. Yohana aliona bahari ya namna hiyo, na juu yake wamesimama watu wenye vinubi vya Mungu. Wanaimba wimbo wa Musa, yule ambaye mikono yake ilihitaji kushikiliwa na ndugu zake, na wimbo wa Mwana-Kondoo, ambaye mikono yake ina alama za misumari mpaka leo. Wanaomwimbia hawatakuwa na haya kwa kilema chochote walichokibeba duniani. Mpaka siku hiyo, kinanda kisikae chini ya kitenge.

Maswali ya Kujadili:

1. Mtu akikuambia, “Mungu amenipa ajali hii,” utamjibu nini? Mnawezaje kusema ukweli juu ya pambano kuu bila kumwondolea mtu faraja yake?

2. Kanisa linapaswa kupiga na kuimba kwa ustadi, na pia kumpa nafasi aliye dhaifu. Mambo haya mawili yanapogongana katika ibada ya Sabato, mtaamua vipi? Toeni mifano kutoka kanisani kwenu.

3. Je, inawezekana mtu akatumika kanisani miaka mingi kwa ajili ya uzi wa pili tu, bila kujua? Ni kitu gani kinaweza kumfunulia hilo kabla ajali haijafika?

4. Mwataje, kwa sala na si kwa maneno ya pembeni, ndugu aliyetundika kinubi chake katika kundi lenu. Nani atakwenda kwake juma hili, na atabeba nini?